Gobori Kama Ushahidi wa Historia Yetu

Miongoni mwa vitu vya kale ambavyo husahauliwa upesi tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa ni silaha za moto. Ngoma hukusanywa, vinyago huhifadhiwa, methali na ngano huandikwa vitabuni. Lakini gobori la babu lililotundikwa ukutani huonekana ama kuwa takataka ama kuwa kitu cha kuogopwa. Mikuki na ngao tumekwisha kuzikubali kuwa urithi wetu. Bunduki hatujaikubali, kwa sababu tunaiona kuwa ni kitu cha wageni kilichokuja na wageni na ambacho hakituhusu.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kuwa maoni hayo si sahihi. Gobori lilikaa katika nchi zetu kwa vizazi kadhaa. Lilibadili biashara, uwindaji, utawala na vita. Na mafundi wetu walilitengeneza, wakalikarabati, hata wakajifunza kuunda mengine ya kufanana nalo. Zaidi ya hayo, gobori ni shahidi asiyeweza kubadili maneno yake. Likichunguzwa vema hujibu swali ambalo wanafunzi wetu huliuliza kila mwaka: kwa nini wazee wetu, waliokuwa wengi na mashujaa, walishindwa na majeshi madogo ya wakoloni?

Yafaa tuseme mapema kuwa si sisi peke yetu tunaozijali silaha hizi. Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaokusanya bunduki za kale, wakazisafisha na kuzifyatua katika viwanja maalumu kwa mashindano ya kulenga shabaha. Nchini Marekani chama chao cha taifa kiliundwa mwaka 1933. Nchini Uingereza mwaka 1952. Na tangu mwaka 1971 pamekuwako shirika la kimataifa linalosimamia mashindano ya bunduki za kushindilia. Kwa watu hao kazi hiyo ni burudani na elimu kwa pamoja. Kwetu sisi jambo hili lina uzito mwingine, kwa kuwa bunduki za namna ile ile ambazo leo huko hulenga vibao vya karatasi, hapa kwetu zililenga watu.

Gobori ni kitu gani?

Gobori ni bunduki ya kushindilia kwa mdomoni. Mpigaji humimina baruti ndani ya mtutu, hufuatisha kitambaa au nyuzi za makumbi, kisha hutia risasi ya duara au vipande vya chuma, na vyote hivyo huvisukuma hadi chini kwa ufito uitwao mdeki. Gobori la zamani zaidi ni lile la gumegume, ambalo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche, na cheche hizo huwasha baruti iliyowekwa katika kisahani kidogo ubavuni mwa mtutu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ikaenea bunduki ya fataki, ambayo nyundo yake ndogo hugonga kifuniko cha shaba chenye dawa iwakayo kwa kishindo. Fataki ilikuwa na manufaa makubwa, hasa wakati wa mvua, kwa kuwa baruti ya kisahanini hulowa upesi. Lakini fataki lazima inunuliwe kutoka kiwandani. Jiwe la gumegume huweza kuokotwa na kuchongwa popote linapopatikana.

Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti. Kiwango cha kawaida ni sehemu 75 za shura, 15 za mkaa na 10 za kiberiti. Baruti hii nyeusi haiungui yote ikawa hewa. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa moshi na masizi. Kwa hiyo kila mlio wa gobori hufuatwa na wingu zito linaloonyesha mahali alipo mpigaji, na baada ya milio kadhaa mtutu huziba kwa masizi na risasi haiingii kwa urahisi. Bunduki isiposafishwa, masizi hayo hunyonya unyevu na chuma huliwa na kutu.

Tabia za silaha hizi hatuzijui kwa kusimuliwa tu. Mnamo miaka ya 1988 na 1989, wataalamu wa ghala la silaha la kale la mji wa Graz, nchini Austria, walitoa bunduki za karne ya 16 hadi ya 18 wakazifyatua tena kwa majaribio. Zilifungwa imara ili kosa la mkono wa mtu lisiingie katika hesabu, na kasi ya kila risasi ikapimwa kwa mitambo ya kisasa. Ilionekana kuwa risasi zilitoka mtutuni kwa kasi kubwa, kwa wastani yapata mita 450 kwa sekunde. Lakini kwa kuwa risasi hizo ni za duara, hewa ilizipunguza kasi upesi sana. Na kwa umbali wa mita 100 bunduki zenye mtutu laini zilikuwa na matumaini ya yapata nusu tu ya kupiga shabaha ya ukubwa wa mtu, hata zilipofungwa pasipo kutikisika.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa mwanahistoria. Linatuambia kuwa gobori ni silaha ya kutisha kwa karibu na silaha dhaifu kwa mbali. Mwenye gobori mwenye akili hangoji adui katika uwanja mweupe. Humvizia kichakani, humwacha akaribie, kisha humpiga mara moja na kumrukia kwa mkuki kabla hajapata nafasi ya kushindilia tena. Tunaposoma habari za vita vya karne ya 19 katika bara letu, tukaona kuwa mashujaa wetu walipenda kuvizia, tusiseme kuwa hawakujua vita vya uwanjani. Walijua barabara silaha yao inaweza nini na haiwezi nini.

Jinsi magobori yalivyofika

Bunduki zilifika pwani yetu kabla ya karne ya 19, lakini wingi wake mkubwa uliingia katika karne hiyo, na sababu yake ilikuwa Ulaya kwenyewe. Kila mara majeshi ya huko yalipopata bunduki mpya, zile za zamani ziligeuka kuwa mzigo maghalani. Wafaransa walipata bunduki mpya mwaka 1866. Waingereza na Wajerumani wakapata zao mwaka 1871. Na mwaka 1886 Wafaransa wakatangulia tena kwa kutumia baruti isiyotoa moshi, wengine wakawafuata. Mamia ya maelfu ya bunduki zilizokataliwa yaliuzwa kwa bei ndogo kwa wafanyabiashara, nao wakazipakia merikebuni kuzipeleka Afrika. Pamoja nazo zilikuja bunduki za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya biashara hiyo katika miji kama Birmingham na Liège.

Unguja ilikuwa lango kubwa la biashara hiyo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilipitia hapo kila mwaka. Kutoka pwani zilibebwa mabegani mwa wapagazi hadi Tabora, Ujiji na Buganda, na zilirudi zikiwa zimegeuka pembe za ndovu. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa kuishika njia hiyo ya misafara, na kwa kuwapa vijana wake waitwao rugaruga bunduki na baruti zilizonunuliwa kwa pembe.

Hapana budi tuseme ukweli wote. Gobori halikuwa mkombozi. Lilimwua ndovu kwa maelfu. Lilimpa mwenye kiburi uwezo wa kuvamia kijiji cha jirani. Liliwalinda wafanyabiashara ya watumwa na kuwaongezea mateka. Watemi waliokuwa mbali na njia za misafara, na kwa hiyo hawakuwa na bunduki, walijikuta chini ya wale waliokuwa nazo. Historia ya taifa isiyoeleza mambo hayo ni nusu ya historia.

Mkataba wa Brussels

Katika Novemba 1889 wajumbe wa madola walikutana mjini Brussels, Ubelgiji, na tarehe 2 Julai 1890 walitia sahihi mkataba mkubwa. Nia iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na hakika biashara hiyo ilistahili kukomeshwa. Lakini ndani ya mkataba huo mlikuwa na vifungu juu ya silaha, navyo vinastahili kusomwa kwa makini katika kila darasa la historia.

Vifungu hivyo vilikataza kuingiza bunduki, hasa zile zenye michirizi ndani ya mtutu na zile za namna mpya, katika eneo lote la Afrika kuanzia latitudo ya digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini. Bunduki za namna hiyo ziliruhusiwa kwa majeshi ya serikali za kikoloni, na kwa watu binafsi walioaminiwa na serikali hizo, wakiwamo wasafiri. Kwa wengine wote, serikali zilipewa hiari ya kuruhusu, mahali zilipopenda, kuuza bunduki za gumegume zisizo na michirizi pamoja na baruti ya kawaida.

Hebu tutazame maana yake. Bunduki ya gumegume ilikuwa imekwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya yapata miaka hamsini kabla ya mkataba huo. Mkataba haukumnyang'anya Mwafrika kila bunduki. Ulimruhusu kuwa na ile tu ambayo isingeweza kumzuia mkoloni. Kwa hiyo gobori katika mikono ya wazee wetu halikuwa la kale kwa sababu wao walipenda ukale au hawakujua kuwa kuna kilicho bora. Lilifanywa kuwa la kale, kwanza kwa biashara ya kuuza vilivyokataliwa, na pili kwa sheria.

Mfano wa Ethiopia unathibitisha jambo hili. Mfalme Menelik alifaulu kupata bunduki nyingi za namna mpya kutoka kwa madola yaliyokuwa yakishindana yenyewe kwa yenyewe. Tarehe 1 Machi 1896, huko Adowa, jeshi lake lililishinda jeshi la Italia, na nchi yake ikabaki huru. Ushindi huo ulitokana na mambo mengi, yakiwamo umoja wa watawala, wingi wa askari na ujuzi wa nchi. Lakini mambo hayo yasingetosha kama wapiganaji wake wangekuwa na gumegume peke yake.

Silaha katika vita vya kupinga ukoloni

Tukirudi kwetu, tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, Wahehe waliuvizia msafara wa jeshi la Wajerumani ulioongozwa na Zelewski. Wengi wao walikuwa na mikuki. Waliungoja msafara ufike karibu kabisa, na katika muda mfupi Zelewski mwenyewe na sehemu kubwa ya askari wake walikuwa wameuawa. Mamia ya bunduki mpya yalitekwa. Lakini bunduki ya namna mpya ina udhaifu wake: gobori laweza kulishwa baruti ya kienyeji na kipande cha chuma, bali bunduki mpya hudai risasi yenye ganda lake la kiwandani. Risasi zilizotekwa zikiisha, njia ya kupata nyingine imefungwa. Ngome ya Kalenga iliangushwa kwa mizinga mwishoni mwa Oktoba 1894, na Mkwawa aliendelea kupigana msituni mpaka alipojiua mwaka 1898 kuliko kutekwa.

Huko Unyanyembe, Mtemi Isike alipambana na Wajerumani katika boma lake mpaka Januari 1893. Boma lilipovamiwa aliingia katika ghala lake la baruti akajaribu kujilipua. Baruti aliyoikusanya ili kuilinda nchi yake ikawa silaha yake ya mwisho.

Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vinatuonyesha tofauti hiyo kwa uchungu zaidi. Wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobori. Tarehe 30 Agosti 1905 walipolishambulia boma la Mahenge, walikutana na bunduki mbili za rashasha. Bunduki ya namna hiyo huweza kutoa risasi zipatazo 500 kwa dakika moja, na katika dakika hiyo mtu hodari wa kushindilia gobori hupiga mara mbili au tatu. Mamia walikufa mbele ya boma. Wengi hueleza tukio hili kwa imani ya maji peke yake, kana kwamba wapiganaji walidanganyika tu. Sisi tunaona kuwa imani ile ilitafuta kujaza pengo lililokuwako kweli; watu walijua nguvu ya risasi, na walihitaji kitu cha kuwaunganisha na kuwapa moyo mbele ya silaha ambazo wao walikatazwa kuwa nazo.

Mkoloni mwenyewe alikuja kuonja ubaya wa bunduki kuukuu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani hapa kwetu walikuwa bado wanatumia bunduki ya mwaka 1871, yenye risasi ya milimita 11 na baruti ya moshi. Kila walipopiga, wingu la moshi liliwatangaza kwa adui. Katika vita vya Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, waliwashinda Waingereza na kuteka mamia ya bunduki mpya, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Ndipo baadhi ya vikosi vikabadilishiwa silaha. Hivyo Mwafrika alipewa silaha iliyokataliwa hata pale alipokuwa anatakiwa kufa kwa ajili ya bendera ya mtu mwingine.

Namna ya kuisoma bunduki ya kale

Mwalimu aweza kuuliza: Je, mambo haya yote yanaonekana katika kipande cha chuma chenye kutu? Jibu ni kwamba mengi yanaonekana. Kwanza, mtambo wake huonyesha kama ni wa gumegume au wa fataki, na mara nyingine tundu lililozibwa huonyesha kuwa bunduki ilianza kwa gumegume ikageuzwa baadaye. Pili, alama zilizopigwa juu ya chuma hutaja asili. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni alama ya ukaguzi ya Liège. Neno TOWER chini ya taji ni alama ya Kiingereza, ingawa waigaji waliipiga pia ili kuwavutia wanunuzi. Tatu, ndani ya mtutu huonekana kama ni laini au una michirizi.

Nne, na hili ndilo lililo letu zaidi, ni mkono wa fundi wa kienyeji. Kitako kilichovunjika na kufungwa kwa ngozi mbichi iliyokauka, waya wa shaba uliozungushwa kwenye mtutu, nyundo iliyofuliwa na mhunzi wa kijijini, yote hayo ni maandishi. Wahunzi wetu walikuwa na elimu ya chuma tangu zamani. Huko Ufipa na Uhaya watu waliyeyusha chuma chao wenyewe kwa karne nyingi. Mhunzi aliyepewa bunduki iliyoharibika hakuishangaa. Aliifungua, akaielewa, akaitengeneza. Makumbusho ya Ulaya huweza kuwa na bunduki ya namna hiyo hiyo iliyo nzuri na kamili kuliko yetu, lakini haina historia hiyo ya pili.

Wajibu wetu

Hapa yapo mambo mawili yanayoonekana kupingana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha ya moto awe na kibali. Na nchi zetu, kwa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, zilikubaliana kuzikusanya na kuziharibu silaha zilizo mikononi mwa watu pasipo halali. Mambo hayo ni ya lazima. Magobori yametumika katika ujangili na ujambazi, na uhai wa mtu mmoja ni bora kuliko makumbusho mazima. Hatumshauri mtu yeyote kuficha silaha kwa kisingizio cha utamaduni.

Lakini katika rundo la silaha zinazosalimishwa, moja yaweza kuwa ni ile iliyopita Bagamoyo mabegani mwa mpagazi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ikiyeyushwa pamoja na nyingine, hakuna fundi awezaye kuirudisha. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba, kabla ya silaha za kale kuharibiwa, mtu mwenye ujuzi wa mambo ya kale azitazame, azipige picha, aandike alama zake, na aulize jina la ukoo ulioitunza. Zile chache zenye thamani ya historia zifanywe zisiweze kufyatuka, kisha zipelekwe katika makumbusho, mathalan ya Kalenga au ya Vita vya Maji Maji huko Songea, ambako zitasemeshwa pamoja na mikuki na ngao za wakati wake.

Wanafunzi nao wana kazi yao. Waulizeni wazee habari za bunduki zilizokuwako katika koo zenu: zilinunuliwa kwa nini, nani alizitengeneza, ziliitwaje, zilichukuliwa lini na nani. Yaandikeni majibu. Lakini mkiliona gobori lenyewe msiliguse wala kulijaribu, kwa sababu bunduki ya kale mara nyingi huachwa ikiwa imeshindiliwa, na baruti iliyokaa kavu miaka mingi bado huwaka. Mwambieni mwalimu, naye aarifu kituo cha polisi. Kufyatua bunduki za kale ni kazi ya wataalamu wenye vipimo na kinga, kama wale wa Graz.

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Gobori halikuletwa kwetu likiwa dhahabu. Lililetwa likiwa limekataliwa, likauzwa kwa pembe na kwa watu, na likaachiwa mikononi mwetu kwa sababu lilihesabiwa kuwa halina hatari kwa mtawala. Thamani yake kwetu ni ule ushahidi lililoubeba: kwamba wazee wetu hawakukosa ujasiri wala akili, bali walifungiwa mlango kwa makusudi, na mlango huo ulikuwa na tarehe yake, latitudo zake na sahihi zake. Taifa linalojua jinsi lilivyofungiwa mlango jana litaangalia kwa makini zaidi kile linachouziwa leo.